Barua ya wazi kwa uongozi wa kampuni yetu ya malori: Lita mnazotukata mshahara hazitoki miguuni mwetu peke yake

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Meneja wa Usafirishaji, Mkuu wa Gereji
Yah: KIWANGO KIPYA CHA MATUMIZI YA MAFUTA NA MAKATO YA MISHAHARA YA MADEREVA

Ndugu Mkurugenzi,

Awali ya yote nakusalimu kwa heshima, wewe na wote unaofanya nao kazi ofisini. Mimi ni dereva wa masafa marefu katika kampuni unayoiongoza, na huu ni mwaka wa 14 nikishika usukani wa magari yake. Ningependa sana maneno haya yamalizwe ndani, kati ya mwajiri na waajiriwa wake, kama tulivyojaribu kuyamaliza. Barua yetu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa na hakuna neno lolote chini ya muhuri huo. Kikao tulichokiomba kwa mdomo, na baadaye kwa maandishi, kilidumu dakika chache, tukaambiwa kwamba suala la mafuta limekwisha kuamuliwa na kwamba dereva anayeona hawezi aache funguo mezani. Hakuna aliyeacha funguo, kwa sababu kazi hii ndiyo tunayoijua na ndiyo inayolisha nyumba zetu; lakini kunyamaza nako kumetushinda, kwa kuwa jambo hili sasa limefika mahali ambapo linaweza kuua mtu barabarani.

Nianze na yale tusiyobishana nayo. Lori lenye trela na mzigo kamili hula kati ya lita 30 na 40 za dizeli kwa kila kilomita 100, na kwenye milima huzidi hapo, kwa hiyo tunaelewa kwamba mafuta ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za kampuni. Tunaelewa pia kwamba kila lita inayoungua huacha angani zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ukaa, na watoto wanaovuta hewa hiyo ni pamoja na wa kwetu. Wala hatukatai kwamba dereva ana sehemu yake: anayekanyaga mafuta kwa pupa, anayechelewa kubadili gia, anayefika karibu na kizuizi ndipo akumbuke breki, huyo anachoma mafuta ambayo mwenzake mwenye subira angeyaokoa. Mafunzo yaliyotolewa juu ya kusoma barabara mbele na kuiacha injini ifanye kazi kwenye mizunguko ya chini tuliyapokea vizuri, na wengi wetu tunayatumia hadi leo.

Tatizo lilianza pale ofisi ilipotangaza kwamba kila gari, bila kujali linabeba nini wala linapita wapi, ni lazima liende kilomita 2.8 kwa lita moja. Kwamba lita zitakazozidi hesabu hiyo zitakatwa kwenye mshahara wa dereva. Na kwamba majina yatabandikwa ubaoni kando ya lango la yadi, ya waliofaulu kwa wino mweusi na ya walioshindwa kwa wino mwekundu. Hoja zetu dhidi ya utaratibu huu ni hizi zifuatazo.

1. Kipimo ni kimoja, lakini kazi hazifanani.

Naomba nitoe hesabu ambayo mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuihakiki. Kupandisha lori la tani 40 kwa kimo cha mita 300, yaani mlima wa kawaida tu katika safari zetu, kunahitaji nishati ambayo injini nzuri ya dizeli huipata kwa kuunguza takriban lita 8, na hapo sijahesabu upepo wala msuguano wa matairi. Lori hilo hilo likipanda mlima huo likiwa tupu, lenye uzito wa tani 15, litatumia lita 3 tu kwa kazi hiyo ya kupanda. Tofauti ya lita 5 katika mlima mmoja haitokani na tabia ya dereva hata kidogo. Imo ndani ya mzigo, na mzigo umepangwa na ofisi. Sehemu ya nishati hiyo hurudi wakati wa kuteremka, ni kweli, lakini kwenye mteremko mkali sehemu kubwa huishia kuwa joto la breki na la injini, kwa sababu hakuna dereva mwenye akili timamu atakayeliachia lori la tani 40 lishuke lipendavyo ili aokoe mafuta. Au tuseme hakupaswa kuwepo. Nitalirudia hilo katika hoja ya tatu.

Matokeo yake ni kwamba wale wanaopangiwa njia za tambarare na mizigo miepesi wamekuwa mabingwa wa ubaoni, na wale wanaopelekwa milimani na mashine au saruji wamekuwa wadaiwa. Mwezi mmoja nilikuwa kwenye wino mweusi, mwezi uliofuata nikawa kwenye mwekundu. Mguu wangu ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni karatasi ya safari.

2. Magari yenyewe yanakula mafuta, na tumesema mara nyingi.

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa maana hii ndiyo hoja inayotuuma zaidi. Gari ninaloliendesha lina bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye tabo, yaani kifaa kinachoishindilia hewa, kuelekea kwenye injini. Bomba hilo lina mpasuko upande wa chini, urefu wa kidole, mahali ambapo huwezi kuuona mpaka ulale chini ya gari na kurunzi. Hewa inapovuja hapo, injini inakosa pumzi. Mafuta yanaingia lakini hayaungui yote, na ndiyo maana kila nikipanda kilima moshi mweusi unatoka nyuma kama wa tanuri. Niliandika hitilafu hiyo kwenye daftari la gari mara tatu. Mara ya kwanza fundi aliniambia kifaa kimeagizwa. Mara ya pili niliambiwa gari lina mzigo wa haraka. Mara ya tatu nilichukua ukanda wa mpira wa tairi la ndani, nikauzungushia pale penye mpasuko, nikaukaza kwa waya, na hivyo ndivyo lilivyo mpaka leo ninapoandika. Ukanda huo hudumu safari moja au mbili, kisha joto huulegeza na moshi hurudi. Mwisho wa mwezi huo nilikatwa lita 61.

Sitaki ionekane kwamba nazungumzia gari moja. Katika yadi yetu yapo magari yenye filta za hewa zilizopulizwa kwa kompresa mara nyingi kuliko zilivyobadilishwa. Zipo trela ambazo ekseli zake hazijapangwa sawa, zinakwenda kiubavu kidogo, na ushahidi wake ni matairi yaliyolika upande mmoja. Zipo nozeli zinazodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Kuna breki ambazo haziachii sawasawa, hivi kwamba ukishika kitovu cha gurudumu baada ya kilomita chache tu unautoa mkono haraka. Matairi tunayapimia kwa kuyagonga na nyundo na kusikiliza mlio, kwa sababu geji ya upepo iliyokuwa gereji iliharibika na haijanunuliwa nyingine; na kila fundi anajua kwamba tairi lenye upepo pungufu hukunjika zaidi linapozunguka, hugeuza mafuta kuwa joto, na siku moja hupasuka. Lori lenye trela lina matairi 18 au zaidi. Kumdai dereva lita zilizopotelea katika matairi 18 ambayo hakupewa hata kifaa cha kuyapimia, Ndugu Mkurugenzi, ni kumtwisha mtu mzigo wa mwenzake.

3. Kiwango hiki kinawasukuma madereva kwenye gia huru, yaani kuteremka injini ikiwa imeachanishwa na magurudumu.

Ninalolisimulia hapa nimeliona kwa macho yangu, na sitataja mahali wala jina. Nilikuwa nikiteremka nyuma ya mwenzangu kwenye mteremko mrefu wenye kona. Kwanza niliona taa zake za breki zimewaka na hazizimiki. Kisha moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya trela, na harufu ya lainingi (vipande vya breki vinavyosugua ngoma ya gurudumu) zinazoungua ikaingia kwenye kebini yangu ingawa madirisha yalikuwa juu. Alikuwa ameweka gia huru tangu kilele cha mlima, na mwendo ulipomzidi alijaribu kurudisha gia, gia ikakataa kuingia. Mungu alimsaidia, upande wa kushoto palikuwa na tuta la mchanga uliomwagwa kwa ajili ya ujenzi, akalipandisha gari pale na likasimama limeinama. Nilipomfikia alikuwa ameketi chini kando ya tairi la mbele, mikono inamtetemeka, hawezi kufungua kizibo cha chupa ya maji. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nilibakiza lita tisa tu niingie kwenye hesabu."

Dereva yule ana uzoefu kuliko mimi, na anajua hatari ya gia huru. Breki za lori hushikilia kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Joto likizidi, ngoma hupanuka na kujitenga na lainingi, lainingi zenyewe hupoteza mshiko, na kanyagio lililokuwa gumu huwa halina kazi. Ndiyo sababu tunafundishwa kuteremka ndani ya gia, tukiiacha injini na breki yake izuie gari. Na linalosikitisha zaidi ni kwamba kwenye mteremko wa namna ile gia huru haiokoi kitu. Injini za dizeli za kisasa, gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya kanyagio, hukata mafuta kabisa. Ukitoa gia, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Faida kidogo ya gia huru hupatikana kwenye miteremko midogo mno, na malori mapya yanayofanya hivyo hufanya kwa kompyuta ambayo hurudisha gia yenyewe mara mwendo unapozidi. Mwenzangu alihatarisha maisha yake, na ya kila aliyekuwa chini ya mlima ule, kwa ajili ya lita ambazo hazikuwepo. Lakini mtu anayeogopa kukatwa mshahara hapigi hesabu kwa utulivu. Hushika chochote anachosikia kinaokoa mafuta.

Nchi nyingine zimeshaona hatari ya kufunga malipo ya dereva na namba moja. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake namba 561 ya mwaka 2006, ulipiga marufuku malipo na bonasi zinazotegemea umbali au wingi wa mzigo pale zinapohatarisha usalama barabarani. Kanuni hiyo haitaji mafuta, lakini busara yake inatufaa: ukimlipa au kumkata mtu kwa jambo moja tu, atalitimiza jambo hilo hata kama mengine yote yataharibika.

4. Kulala kwenye joto, kisha kuendesha usiku.

Ofisi imekataza kuwasha injini gari likiwa limesimama. Sababu yake tunaijua na ina ukweli: injini ya lori ikiunguruma bila kutembea hula takriban lita 3 kwa saa, na usiku mmoja wa saa 8 ni lita 24. Lakini kebini ndiyo chumba chetu cha kulala, na kiyoyozi chake kinategemea injini. Dereva anayefika mahali pa kushusha asubuhi, akaambiwa asubiri, akakaa saa tisa ndani ya sanduku la bati lililopigwa na jua, madirisha yakiwa wazi nusu kwa kuogopa wezi, kisha akaitwa jioni ashushe na aondoke usiku huo huo, huyo hajapumzika, hata kama kwenye karatasi inaonekana alikuwa mapumzikoni.

Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa mwili na akili kiasi sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa kuendesha gari. Na Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, uliweka kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika wala zaidi ya saa tisa kwa siku. Mipaka hiyo iliwekwa ili mtu apumzike kweli, wala si ili atoke jasho akingoja zamu yake.

5. Ofisi moja inadai mafuta, nyingine inadai haraka.

Kwenye barabara kuu karibu nusu ya kazi ya injini ya lori ni kupambana na upepo, na upepo huo hauongezeki polepole. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 95, nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo njia ya uhakika kuliko zote ya kuokoa mafuta ni kupunguza mwendo, na hilo sisi tuko tayari kulifanya kesho. Lakini tukienda 75 simu inaita: mteja anangoja, uko wapi, mbona mwenzako kafika. Nimewahi kupokea onyo la kuchelewa na karatasi ya makato ya mafuta katika wiki moja, zote mbili kwa safari ile ile. Tunaomba ofisi hizi mbili zikae meza moja ziamue zinataka nini, kwa maana dereva hawezi kuzitii zote.

6. Namna mafuta yanavyopimwa.

Hesabu yetu hufanywa kwa kujaza tangi hadi juu, kwenda, kurudi na kujaza tena. Sehemu ya kujazia mafuta katika yadi imeinama, na gari likisimama upande tofauti tangi hupokea lita pungufu au zaidi. Povu la dizeli likipanda, mjazaji mmoja husubiri litulie aongeze na mwingine hufunga pampu hapo hapo. Joto nalo lina sehemu yake: lita 500 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi hutanuka kwa takriban lita 6. Hizi ni tofauti ndogo, na tusingezitaja kama mshahara wa mtu usingekatwa kwa lita moja moja.

7. Ubao wa wino mwekundu.

Watu wazima wenye wake, waume na watoto wanasimama langoni kila mwanzo wa mwezi wakitafuta majina yao mbele ya walinzi na wageni. Tunaomba ubao huo uondolewe. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu baadhi tumekwisha kuyasikia.

Mtasema madereva wanaiba mafuta. Wapo wanaoiba, na sitawatetea. Anayenyonya tangi usiku anatuchafua sote na anatupandishia hesabu sote. Lakini tazameni jinsi kipimo hiki kinavyomlinda. Dereva anayepangiwa njia ya tambarare na mzigo mwepesi hubakiwa na lita nyingi chini ya kiwango. Akiuza lita 30, jina lake bado litaandikwa kwa wino mweusi na huenda akapongezwa, huku mwaminifu aliyepanda milima na saruji akikatwa. Mwizi hukamatwa kwa kufuli la tangi, kwa kifaa kinachoonyesha kina cha mafuta kikishuka ghafla gari likiwa limesimama, na kwa kumfikisha panapohusika akiwa na jina lake. Makato ya jumla hayajamkamata hata mmoja.

Mtasema kompyuta ya gari haidanganyi. Tunakubali, na ndiyo maana tunaomba itumike yote. Vifaa vilivyofungwa kwenye magari vinajua gari limepanda kimo gani, limesimama muda gani kwenye foleni, limefunga breki kwa ghafla mara ngapi na injini imezunguka kwa kasi gani. Katika habari zote hizo ofisi inachukua namba moja, ile ya mwisho, na kuyaacha maelezo yake.

Mtasema kampuni nyingine zinaweza. Ni kweli kwamba nchini Marekani mwaka 2017 malori saba yalionyeshwa barabarani yakibeba mizigo halisi, na wastani wao ulikuwa maili 10.1 kwa galoni, yaani takriban kilomita 4.3 kwa lita. Nimelisoma jambo hilo kwa makini kwa sababu msimamizi wetu alilitaja kutusuta. Malori yale yaliendeshwa na madereva hodari, hilo halina ubishi, lakini pia yalitayarishwa kwa vifaa vya kukata upepo, matairi yenye msuguano mdogo na mifumo ya gia ya kisasa. Waliofanya kazi ile walianza na gari, kisha wakamkabidhi dereva mzuri. Hapa kwetu tumekabidhiwa madai kabla ya gari.

Baada ya kuyasema hayo, tunachoomba ni hiki.

Kwanza kabisa, makato ya mafuta yasitishwe mara moja, na yale yaliyokwisha kukatwa yapitiwe upya gari kwa gari, kwa kulinganisha tarehe za makato na tarehe za hitilafu zilizoandikwa kwenye madaftari ya magari. Pale ambapo hitilafu iliandikwa na haikutengenezwa, dereva arudishiwe fedha zake. Hili hatuliombi kama hisani.

Pili, kiwango kiwekwe kwa kila njia na kila uzito wa mzigo, na kipatikane kwa kupima safari halisi za gari lililo zima, dereva na mtu wa ofisi wakiwa pamoja ndani ya kebini. Tungefurahi sana, Ndugu Mkurugenzi, kama safari mojawapo ungeifanya wewe mwenyewe.

Tatu, hakuna gari litakaloingizwa kwenye hesabu ya mafuta mpaka gereji iwe imesaini kwamba filta, nozeli, mabomba ya hewa, breki, mpangilio wa ekseli na upepo wa matairi viko sawa, na kila dereva apewe geji ya upepo. Dereva akiandika hitilafu inayokula mafuta, kuanzia siku hiyo lita zinazozidi zihesabiwe juu ya gereji hadi itakapotengenezwa.

Nne, itolewe amri ya maandishi, yenye saini yako, kwamba kuteremka kwa gia huru ni marufuku na kwamba hakuna dereva atakayeadhibiwa kwa mafuta aliyotumia au muda aliochelewa kwa sababu ya kuteremka salama. Nasisitiza saini yako, kwa maana maneno ya mdomo ya msimamizi hubadilika mwisho wa mwezi unapokaribia.

Tano, magari yanayolaza madereva njiani yafungwe viyoyozi vidogo vinavyotumia betri, na hadi hapo vitakapofungwa, saa za kulala penye joto kali zitolewe kwenye hesabu ya mafuta. Muda wa kungoja kushusha mizigo nao utolewe, na wateja wanaotuweka siku nzima waelezwe na ofisi, kwa sababu sisi hawatusikilizi.

Na kama kampuni inataka kweli tuokoe mafuta, basi sehemu ya kile kitakachookolewa irudi kwa dereva, fundi na mpanga safari kwa pamoja, kwa kuwa hao watatu ndio wanaoamua lori litakula kiasi gani.

Tunaomba kikao nawe ndani ya siku 21 tangu kutoka kwa barua hii, Mkuu wa Gereji na Meneja wa Usafirishaji wakiwepo. Tutaleta wawakilishi watatu na madaftari yetu ya safari, na tutajibu swali lolote mtakalouliza, pamoja na yale magumu kuhusu wizi. Wakati tukisubiri jibu, nina ombi moja lisilohitaji kikao chochote. Gari langu limepangiwa kupakiwa keshokutwa alfajiri, na njia yake ni ile ya milimani. Naomba lile bomba la hewa libadilishwe kesho.

Wako mtiifu katika kazi,

Dereva wa masafa marefu,
kwa niaba yangu na ya madereva wenzangu walioisoma barua hii na kuikubali kabla haijatoka.